Binti ana D nne na anataka kazi ya hoteli: nimlipie nani?

*Swali: Assalaam alaikum. Nakaa Bwejuu, kusini Unguja. Mwanangu wa kike ana miaka 19, amemaliza kidato cha nne mwaka jana na amepata D nne: Kiswahili, Historia, Uraia na Elimu ya Dini ya Kiislamu. Anataka kazi ya hoteli. Chuo kimoja cha mjini kinasema kitampa cheti kinachotambuliwa na Serikali kwa mwaka mmoja, na kazi ni ya uhakika, ila mbali na ada tulipe laki tatu za kumuunganisha na hoteli. Mjomba wake hataki kulisikia neno hoteli. Na kuna mtu anasema laki tatu hizo hizo tumpe yeye, ampeleke Muscat akafanye kazi ya hoteli huko. Hoteli hapa kwetu zimetuzunguka, lakini kila tukiuliza tunaambiwa hana uzoefu. Nishike lipi?*

Waalaikumu salaam, dada. Kwanza hizo laki tatu zifunge kwenye pindo la kanga, usimpe mtu yeyote. Pa kuzitumia papo, nitakuonesha huko mbele.

Nianze na zile D. Nilipoisoma barua yako nilisita hapo, maana chuo hicho ama hakijui kazi yake, ama kinaijua sana. Cheti cha hoteli na utalii kinachosimamiwa na NACTVET, baraza la Serikali la elimu na mafunzo ya ufundi, kile cha ngazi ya nne, kinamtaka mwanafunzi awe amefaulu angalau masomo manne ya kidato cha nne, na masomo ya dini hayahesabiwi. Kwa hesabu hiyo mwanao ana matatu. Chuo kinaweza kumpokea, kikala ada mwaka mzima, halafu unapofika wakati wa kusajili majina mnaambiwa lake limekataliwa. Nimewahi kukaa na wazazi waliofikwa na hilo. Pesa hairudi, na mtoto anapoteza mwaka na moyo pia. Mwulize msajili wa chuo hicho swali moja tu: mwanangu mtamsajili NACTVET kwa masomo yapi manne? Kisha nyamaza, umsikilize atakavyojieleza.

Hilo halimfungii mlango. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali haipangi foleni kwa hesabu ya D kama vyuo vya cheti, na kituo chao kimoja kipo Makunduchi, hapo jirani yenu, mbali na kile cha Mwanakwerekwe na cha Mkokotoni. Nendeni mkaulize kama muhula ujao wana nafasi kwenye upishi au huduma za hoteli. Jambiani nako kuna chuo cha utalii kilichoanzia kijijini hapo hapo, mkipite mkielekea Makunduchi. Wakati huo huo mwanao ajiandikishe kurudia somo moja kama mtahiniwa wa kujitegemea. Somo lenyewe liwe Kiingereza, asichague jingine kwa sababu ni rahisi. Akipata D ya Kiingereza atakuwa na masomo manne ya kumwingiza chuo cha cheti cha hoteli, hata kile cha utalii cha Maruhubi kilicho chini ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na lugha yenyewe ataitumia kila siku ya kazi.

Sasa tuje kwenye neno lililokuumiza, "hana uzoefu".

Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni 638,498, na mwaka 2024 wakafika 736,755. Wote hao wanalala kwenye kitanda kilichotandikwa na mtu. Kwa hiyo kazi zipo, hilo usilitilie shaka. Lakini mtazame meneja anayefungua vyumba sitini mwezi wa Juni baada ya masika. Wageni wanashuka Ijumaa. Hana siku ya kumfundisha mtu kukunja kona ya shuka, anamchukua aliyekwisha kukunja. Ndiyo maana unawaona vijana wa Bara na Wakenya wanapita mlangoni kwenu wakiwa na sare, na wako amekaa barazani. Sisemi kwamba hakuna upendeleo, upo, na nimeuona kwa macho yangu. Lakini sehemu kubwa ya jambo hili ni kwamba wenzetu walitutangulia darasani. Chuo cha Utalii cha Kenya, kule Nairobi, kinafundisha tangu mwaka 1975. Sisi huku wakati huo hatukuwa na wageni wengi wa kuwahudumia.

Uzoefu wa kwanza, dada, haupatikani kwa kuajiriwa. Unapatikana kwenye fildi, ile miezi ambayo mwanafunzi anatolewa darasani na kupelekwa hotelini kujifunza kwa mikono. Nimefanya kazi hotelini miaka 19, nikianzia kusafisha vyumba hadi kusimamia idara nzima, na sasa ni mwaka wa nane nafundisha na kuwatafutia wanafunzi pa kujishikiza. Wanafunzi wangu waliopata kazi haraka, wengi wao waliipata pale pale walipofanyia fildi, au kwenye hoteli ambayo supavaiza wao wa fildi alihamia. Vyeti vyao vilikuja baadaye, na vingine viko ndani ya bahasha mpaka leo.

Kwa hiyo ukikaa mbele ya mkuu wa chuo, chochote kile, usimwache akuoneshe majengo na kompyuta. Mwulize habari za fildi. Ni miezi mingapi? Chini ya mitatu mwanafunzi huishia kubeba mataulo tu, hajagusa kitu kingine. Mnampeleka nyinyi au anajitafutia? Chuo kinachompa mwanafunzi barua ya "kwa yeyote anayehusika" na kumwambia azunguke nayo hotelini hakina uhusiano na hoteli hata moja. Kuna mwalimu anayekwenda kumtazama huko, na anakwenda mara ngapi? Daftari lake la mazoezi nani analisaini? Akiungua au akiteleza jikoni, nani analipa hospitali? Na wahitimu wa mwaka jana wako wapi leo? Usikubali asilimia, asilimia kila mtu anaweza kuitunga. Omba uzungumze na wasichana watatu waliomaliza mwaka jana, uwapigie simu hapo hapo mbele yake.

Halafu kuna mtihani wangu mwenyewe, ambao haujawahi kuniangusha. Nenda kwenye geti la hoteli mbili tatu za hapo Bwejuu na Paje, msalimie askari, mwulize: "Wanafunzi wa fildi wanaokuja hapa ni wa chuo gani?" Askari wa geti anajua kuliko meneja. Anawaona wanapoingia asubuhi, anawaona wanaorudi kuajiriwa, na anawaona wanaotoka wanalia. Chuo atakachokitaja ndicho ukakiangalie. Kama kile cha mjini hajawahi kukisikia, umepata jibu bila ya kulipa nauli ya kwenda mjini.

Ukisikia pia neno uanagenzi, lisikilize kwa makini. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilisaidia kuanzisha mpango wa namna hiyo wa kazi za hoteli, Bara kupitia Chuo cha Taifa cha Utalii, na huku kwetu kupitia SUZA. Mwanafunzi hugawanya muda wake baina ya darasa na hoteli, akizungushwa idara moja hadi nyingine mpaka anamaliza. Kwa maoni yangu hakuna njia inayoushinda huo, kwa sababu siku anayomaliza hoteli imeshamjua: inajua kama anachelewa, kama ana ulimi mchafu, kama anaweza kuachiwa ufunguo. Tatizo nafasi ni chache na wanaozitaka ni wengi, na masharti ya kuingia yatamrudisha kwenye ile D ya nne.

Naomba nikueleze kosa nililolifanya mimi, maana nimekuwa nikiwasema watu wa vyuo kama kwamba mimi ni malaika. Mwaka wangu wa pili wa kazi hii niliwapeleka wasichana 11 kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki. Nilijua mishahara yao, nilijua idara zao, niliwafundisha hata namna ya kujibu maswali ya usaili. Sikuuliza kitu kimoja: watalala wapi na watarudi vipi. Gari la wafanyakazi lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili jioni, na shifti ya jioni inatoka saa tano usiku. Wasichana wa vijiji vya mbali wakawa wanasubiri bodaboda gizani. Baada ya wiki mbili, wanne walikuwa wamesharudi kwao, na mmoja baba yake aliapa hatoki tena nyumbani. Sikumlaumu. Tangu siku hiyo simpeleki mtoto wa mtu mahali mpaka nimeona chumba cha kulala na komeo lake, au nimepanda lile gari mwenyewe. Mtu akikwambia atamuunganisha mwanao na kazi, mwulize kama ameliona komeo. Na mwulize kama atampigia simu mwezi wa tatu, maana wengi wanaoacha huacha ndani ya miezi mitatu ya mwanzo: miguu inauma, supavaiza ana maneno makali, mshahara wa kwanza umekatwa na hawajui kwa nini. Mara nyingi simu moja tu ya mwalimu inatosha kumtuliza.

Kuhusu zile laki tatu za "kumuunganisha". Kumtafutia mwanafunzi fildi ni sehemu ya mafunzo, imo ndani ya ada. Na anayetafutia watu kazi hulipwa na mwajiri, kwa kuwa mwajiri ndiye anayepata mfanyakazi. Huo ndio msingi wa Mkataba Na. 181 wa ILO wa mwaka 1997: wakala asimtoze mfanyakazi. Anayekutoza wewe hana mwajiri wa kumtoza. Akishapokea hizo pesa, biashara yake imekwisha, kazi ya mwanao si shida yake tena.

Huyo wa Muscat, wallahi, nisingemkaribisha hata chai. Oman ni kwa ndugu zetu, wengi tuna shangazi au binamu huko, na wapo Wazanzibari wanaofanya kazi nzuri za hoteli Ghuba nzima. Lakini hoteli ya Ghuba yenye jina haimchukui msichana wa miaka 19 asiyewahi kutandika kitanda kwa malipo. Mara nyingi "hoteli" inaishia kuwa nyumba ya mtu: anafika anakuta watoto sita na jiko, pasipoti imechukuliwa, na kwa utaratibu wa kafala ukaazi wake umefungwa kwa mwajiri mmoja. Kama bado moyo unakuvuta, taka mkataba wenye jina la hoteli na cheo chake kabla hajapanda ndege, upeleke Kamisheni ya Kazi wausome, na asiondoke kwa viza ya matembezi kwa hali yoyote. Kisha mpigie shangazi wa Muscat aende kwa miguu yake kwenye hiyo hoteli akaulize. Nadhani hamtafika huko. Mtu huyo ataacha kupokea simu siku utakapotaja mkataba.

Sasa mjomba. Usimpuuze, na usimwite mshamba. Anachoogopa ni kitu cha kweli: pombe, usiku, na macho ya wageni. Lakini hoteli anayoiwaza yeye ni baa na bwawa la kuogelea, na hizo ni kona mbili tu. Nyuma yake kuna dobi, stoo, jiko la mikate na keki, ofisi ya hesabu, mapokezi, na vyumba. Msichana anaweza kufanya kazi ya hoteli hadi anastaafu asishike chupa. Ushungi hoteli nyingi za huku zimeshaufanya sehemu ya sare. Uliza kabla, wala usione haya, maana ni swali ambalo ofisi ya rasilimali watu wanaulizwa kila wiki.

Mimi ningemwelekeza kwenye vyumba, idara wanayoiita hausikipingi. Najua vijana wanataka mapokezi, kuna kiyoyozi na suti. Lakini mapokezi yanataka Kiingereza cha kwenda mbio, kompyuta, na mara nyingi mtu huketi usiku. Vyumba ni kazi ya mchana zaidi, wageni wakiwa ufukweni. Shifti ya jioni ipo, ya kushusha vyandarua na kupanga vitanda kwa ajili ya usiku, lakini ina watu wachache. Na vyumba ndiyo idara yenye watu wengi kuliko nyingi, kwa hiyo ndiyo inayoajiri mara kwa mara.

Asidhani ni kufagia kama nyumbani. Nilipoanza nilikuwa nikipewa vyumba 14 kwa shifti moja, na kila kimoja kina mpangilio wake: unabisha hodi, unataja idara, unasubiri, unabisha tena. Unafungua pazia na dirisha kwanza, unaivua shuka na kuikung'uta kwa uangalifu, maana ndani yake hutoka pete, simu, na meno ya bandia. Unaanza kufuta vumbi mlangoni na kuzunguka upande mmoja mpaka unarudi mlangoni, ili usiruke kitu. Vitambaa vina rangi, na cha choo hakigusi sinki hata kwa bahati mbaya. Jik haichanganywi na dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na bafu la hoteli ni dogo. Nilimwona mwenzangu akitolewa amebebwa. Mwisho unalala kidogo, ndiyo, unainama mpaka macho yako yawe usawa wa mto, uone anachokiona mgeni akilala: utando wa buibui kwenye pembe ya dari, foronya iliyogeuka, taa isiyowaka. Anayeyajua haya baada ya miezi mitatu ya fildi haambiwi tena kwamba hana uzoefu.

Akiwa na mkono wa jikoni kuliko wa vyumba, mpeleke jikoni, sitabishana. Huko atakutana na mbao za kukatia zenye rangi, samaki ubao wake, nyama mbichi ubao wake, na atafundishwa kuogopa chakula kilichokaa vuguvugu baina ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Anayejua kuoka mikate ya kumimina kwa moto wa juu na chini ameshaanza kuijua tanuri.

Mshahara wa mwanzo hautawafurahisha. Bakshishi husaidia, na hoteli nyingi huzikusanya zikagawiwa kwa idara zote, aulize mgao unakwendaje. Aulize pia kama mwajiri anamchangia ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, na kama mkataba ni wa maandishi au wa msimu tu. Mkataba wa msimu si aibu, ila ajue kwamba Aprili na Mei hoteli nyingi za pwani hufunga au hupunguza watu, na aweke akiba ya kuvukia.

Na hapo ndipo pa kuangalia kalenda. Wageni hujaa Julai hadi Septemba, kisha Disemba hadi Februari. Hoteli huanza kutafuta watu Mei mwishoni na Juni. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, panga na chuo fildi yake ianze Juni, awe na mwezi mmoja wa kujikwaa kabla ya wageni kujaa. Anayepelekwa fildi Aprili anapiga deki korido tupu na anarudi hajajifunza kitu, halafu daftari lake linasema amemaliza.

Sasa hizo laki tatu. Sehemu iende kwenye ada ya kurudia Kiingereza na masomo ya jioni, maana mtihani wa darasani na maneno ya mgeni vinahitaji mwalimu mmoja mzuri. Kiitaliano kitamfaa baadaye akihamia upande wa Kiwengwa au Pwani Mchangani, kwa sasa kisimpotezee muda. Sehemu nyingine iwe nauli na chakula cha fildi, kwani vyuo vingi vinasahau kwamba mwanafunzi asiyelipwa bado anakula. Lipa pia cheti cha upimaji wa afya, hasa kama anaingia jikoni, na picha za pasipoti, na hakikisha kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi hakijapotea kwenye mkoba wa mtu. Mjomba mwombe awapeleke Makunduchi siku mtakayokwenda kuuliza, na njiani msimame kwenye geti moja. Aulize yeye kwa askari, wanaume wanaambizana zaidi.

Kitakachobakia mnunulie viatu. Vyeusi, vya chini, soli isiyoteleza kwenye vigae vyenye maji. Awe amevivaa ndani ya nyumba wiki mbili kabla ya fildi, kwa sababu mwanafunzi wangu hodari kuliko wote alinirudia siku ya tatu kwa malengelenge.